Chupa Zilizofukizwa

Kwa kufukiza, Mumina hakuwa na mshindani. Katika boma lao nje kidogo ya Garsen, maziwa ya vibuyu vyake yalikaa siku kadhaa kwenye joto bila kuharibika, na wake wa mashemeji zake walimletea vibuyu vyao avipitishe moshini, kisha wakaenda kumsengenya kwamba anajidai. Alijidai kweli, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo Metrine, mtaalamu wa maabara hospitalini, alipomkabidhi chupa tatu za plastiki na kumwambia, "Mama, nataka makohozi ya mzee ya alfajiri, siku tatu mfululizo, na usafi uwe wa hali ya juu," Mumina alielewa kama anavyoelewa usafi mtu wa kwao. Plastiki aliidharau. Alichoma vijiti vyake, akazishika chupa kinywa chini juu ya moshi mpaka zikageuka rangi ya chai kwa ndani. Mumewe, Guracha, akakohoa humo asubuhi tatu. Siku ya kuzipeleka Metrine hakuwa zamuni, na aliyezipokea alizitumbukiza kwenye kikasha cha barafu bila kuzitazama, zikapanda basi la Nairobi.

Guracha alikuwa amepona kifua kikuu miaka miwili nyuma, lakini maradhi yale yalimwachia shimo pafuni. Ukame ulipobana, alinunua mabua ya mpunga kwa wakulima wa kijiji cha Wema ili ng'ombe wasife, na kila siku aliyakung'uta kwa mikono yake, yamejaa ukungu unaopaa kama vumbi. Ukungu ukaingia kwenye lile shimo ukajifanyia makao. Alimeza vidonge vya kuua ukungu miezi mitano, na bado alitema damu. Metrine alishuku ukungu huo umekuwa sugu, kwa kuwa dawa wanazopulizia mazao zina undugu na vile vidonge, hivyo ulikwisha kuzizoea huko huko shambani. Ilikuwepo dawa nyingine, ya kutiwa kwenye mshipa. Lakini ile ni kali, inaumiza figo, na Nairobi hawaitoi mpaka waoteshe ukungu wa mgonjwa mwenyewe na kuona vidonge vimeushindwa.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Chupa zote tatu, hakuna kilichoota.

Guracha alimshukuru Mungu, akachinja mbuzi na kuwatangazia majirani kwamba Nairobi nzima imemtafutia ugonjwa ikaukosa. Vidonge akavitupa. Mumina naye alifurahi, maskini, akagawa nyama kwa moyo mkunjufu.

Wiki moja baadaye Metrine alimwita. Juu ya meza palikuwa na eksirei mpya ya kifua cha Guracha, na dude la ukungu mle shimoni mwa pafu lilikuwa limenenepa.

"Nieleze ulivyofanya na zile chupa, tangu mwanzo," Metrine alisema.

"Mimi nafukiza, daktari. Kama kibuyu ya maziwa. Wewe nasema safi."

Metrine aliweka kalamu chini. "Moshi uliua ukungu ndani ya chupa, mama. Ulioko kifuani haujaguswa." Akaongeza, "Kosa ni langu pia. Sikukuuliza kwenu usafi ni nini." Akampa chupa nyingine.

Mumina alizificha chupa zile kwenye sanduku la nguo siku nne nzima. Niseme wazi, aliona aibu. Mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa jambo moja, unamtakaje akamwambie mumewe kwamba jambo hilo hilo ndilo limemponza? Guracha kila alipoombwa makohozi alijibu kwamba yeye ni mzima na karatasi anayo. Siku ya tano alitema damu nusu kikombe, ndipo Mumina akapiga magoti mbele yake akamwambia yote.

Guracha alifuta damu mdomoni. Alitafuta pumzi kwanza.

"Lete chupa, mama Kadra," alisema. Hakumlaumu. Angemtukana, Mumina angepata nafuu.

Safari hii chupa zilikwenda kama zilivyotolewa. Mumina alishinda hospitalini kila baada ya siku mbili. "Nipe tu hiyo dawa, daktari. Karatasi takuja nyuma," alimsihi. Metrine alimjibu kwamba angekuwa nayo angeshampa, kisha akapiga simu Nairobi mbele yake, na huko wakasema ukungu una mwendo wake, hauharakishwi. Guracha aliacha kula, kisha akaacha kuongea. Siku ya kumi na saba tangu chupa ziondoke alifariki, wakamzika kabla jua halijatua.

Siku mbili baadaye Metrine alifika bomani akiwa na karatasi mkononi. Alikuta watu wamekaa matangani, akajua. Aliketi mkekani kando ya Mumina na kumpa pole, kisha akamweleza, kwa kuwa aliulizwa, kwamba ukungu umeota, vidonge haviufanyi lolote, na ile dawa imekubaliwa. Akaomba achukue mabua yaliyosalia, yapimwe, maana kuna wagonjwa wengine wawili wa vijiji vya mtoni wanaomeza vidonge vile vile. Mumina akamwonyesha yalipo.

"Kama ile chupa ya kwanza hapana moshi," Mumina aliuliza, "hii karatasi nafika lini?"

Metrine angeweza kumdanganya, na pengine ingekuwa huruma.

"Mwezi uliopita, mama. Mwanzoni."

Mumina alihesabu kwa vidole. Mwanzoni mwa mwezi uliopita Guracha alikuwa bado akiwapeleka ng'ombe mtoni kwa miguu yake, na kurudi nao.