Shokapu ya Kushoto

Mzee Bonaventura wa Mabawe hakuwa mtu wa kuibiwa. Alisema hivyo mwenyewe, ingawa haijulikani nani angethubutu, maana hata maziwa ya chai aliyapima kwa jicho kabla mkewe hajayamimina. Sasa mtu wa namna hiyo, pikapu yake imekwisha kuua shokapu tatu tangu Januari, zote za nyuma kushoto, unategemea aseme ni barabara? Barabara ni mbaya kwa kila mtu. Yeye aliona mkono wa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa dereva wake Thobias, mume wa binti yake Joyness.

Kila juma Thobias alipeleka ndizi gulioni Biharamulo, mzee akiwa pembeni yake. Lakini zilikuwapo siku alizoendesha peke yake, kufuata maharage Rulenge au kupeleka mgonjwa hospitali, na siku hizo zilimtesa mzee. Mabawe si mbali na mpaka. Kahawa ya magendo ni nzito, na saruji ni nzito. Mara mbili alikuwa ameinama nyuma ya gari kunusa bodi akitafuta harufu ya kahawa, akaambulia ya ndizi.

Joyness alimjua baba yake. Alimfuata zizini akamwambia waziwazi kwamba akimnyang'anya Thobias ufunguo, Thobias ataenda machimboni kama walivyoenda wengine, na yeye atabaki na mtoto kuikodolea barabara macho. Mzee alimjibu kwamba asiye na kosa hanyang'anywi kitu. Moyoni alikuwa ameshaamua. Shokapu mpya angeichagua mwenyewe, ile iliyokufa ingefunguliwa mbele ya macho yake, na ikibainika kuwa imeuawa na mzigo wa siri, Thobias angerudi Mabawe kwa basi.

Basi siku hiyo, ndizi zilipokwisha kuuzwa, waliingia gereji ya Ndassa pale Biharamulo. Ndassa alikuwa Msukuma, fundi asiyejua kuzungusha maneno. Alitandika gunia chini, akaweka juu yake shokapu mbili mpya, moja ya gesi na moja ya mafuta, akamkaribisha mzee achague.

Mzee alizichagua kama anayechagua mkwe. Alikwangua rangi kwa ukucha akitafuta kutu ya zamani, asiione, na jambo hilo likamuudhi. Aliikandamiza ya gesi, ikapanda yenyewe. Aliikandamiza ya mafuta, ikabaki chini, akatangaza kwamba hiyo imekufa. Ndassa alimweleza kuwa ya mafuta ndivyo ilivyo, kwamba kinachonyanyua gari ni springi, na kazi ya shokapu ni kulizuia lisirukeruke. Mzee alimsikiliza kwa jicho lile analowatazamia wauza dawa za meno ndani ya basi.

Kisha akamgeukia Thobias, sauti imelainika ghafla, akamuuliza yeye angechukua ipi. Thobias alitazama chini, akasema angechukua ile nene ya mafuta, ya mzigo.

"Mzigo gani?" mzee akauliza.

"Ndizi, baba."

Kwao mtu habishani na baba mkwe. Miaka minne Thobias alikuwa akiishi kwa majibu mawili, ndiyo baba na nimesikia baba. Mwanzoni mzee aliyapenda sana majibu hayo. Baadaye akaanza kujiuliza, mtu asiyebisha hata mara moja anaficha nini?

Ndassa alipiga jeki, akafungua shokapu zote mbili za nyuma. Ya kushoto ilikuwa inachuruzika mafuta na imelegea kabisa. Ya kulia, ya siku nyingi kuliko hiyo, ilikuwa bado ngumu. Akamchuchumaza mzee nyuma ya gari, akamwonyesha springi: za kulia zimejikunja vizuri, za kushoto zimelala bapa.

"Huu si uzito mkubwa, mzee," Ndassa alisema. "Ungekuwa mkubwa, zote mbili zingekufa. Huu ni mzigo unaolazwa upande mmoja kila safari. Nani anapakia?"

Mzee alisimama bila hata kukisikia kiuno chake. Saa yake ilikuwa imefika. Alinyoosha kiganja, akadai ufunguo. Thobias aliutoa mfukoni, akauweka kiganjani mwake kwa mikono miwili.

"Unalaza nini kushoto?"

"Napakia ulivyoagiza, baba."

Mzee alitaka kukasirika, akashindwa, kwa sababu alikumbuka. Baada ya Krismasi aliingiwa na wazo kwamba vijana wa milimani hudandia gari na kuteremsha mikungu, na kwamba Thobias hupunguza mwendo makusudi ili wapate nafasi. Ndipo alipoagiza mikungu mikubwa yote ilazwe kushoto, upande anaokaa yeye. Kioo cha pembeni cha upande huo alikigeuza kimtazame yeye, akakikaza kwa waya kisicheze, na kuanzia siku hiyo alizilinda ndizi zake kutoka Mabawe hadi Biharamulo bila kupepesa. Hakuna mkungu uliowahi kupotea. Shokapu ya kwanza ilikufa wiki ya tatu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Thobias aliinua macho. "Ningekuomba nizihamishe ndizi mahali usipoziona, baba, ungesemaje?"

Mzee alijua hasa angesemaje, tena angeanza asubuhi na kumaliza jioni. Aibu ilimpanda, nzito, ya mtu mzima aliyekutwa kosani mbele ya fundi. Alimwambia Ndassa afunge ile aliyoisema Thobias, akaenda kusimama ukutani mpaka kazi ikaisha.

Walipoingia garini mzee alirudisha ufunguo. Thobias aliwasha, akanyoosha shingo mbele, akajikunja hadi kidevu kikakaribia usukani, akichungulia kama kuna anayepita kushoto. Mzee alikwisha kumwona akijikunja hivyo miezi mingi, na kila mara alidhani anatafuta watu wake barabarani. Sasa alimwelewa: kioo cha kushoto hakikumwonyesha dereva kitu. Joyness na mtoto walipanda gari hili kila Jumapili.

Mzee alishusha dirisha. Waya ulikuwa na kutu, ukamchana kidole, lakini aliufungua wote, akakisukuma kioo kuelekea kwa dereva.

"Unaona?"

Thobias hajawahi kumwelekeza baba mkwe kitu.

"Rudisha ndani kidogo, baba," alisema.

Mzee akarudisha ndani kidogo.