Somo Linalosomwa kwa Sauti

Katibu wa ibada alikuwa fundi wa matbaa, na kanisani walimwita Dakika. Hakulichukia jina hilo. Kila Ijumaa alipanga ratiba ya Jumapili kama anavyopanga kurasa kazini: sala hapa, kwaya hapa, matangazo pale, bila nafasi ya kupotea. Basi kanisa liliponunua skrini, akaja na wazo lake. Somo lisisomwe tena mimbarani. Litokee ukutani, kila mtu ajisomee kimya. Dakika sita zimeokolewa, kwaya iongezewe wimbo. Kamati ikampigia makofi, naye masikini akavimba kichwa.

Jumapili ya tatu mama yake hakuja. Ya nne pia. "Miguu," alisema kwenye simu. Miguu gani, na jirani alimwona sokoni akitembea kama msichana?

Akamwendea. Mama, dobi wa zamani, alikuwa akipiga pasi mashuka ya watu, ingawa alishaambiwa mara mia apumzike.

"Mama, kuna mtu kakuudhi kanisani?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Mama akaisimamisha pasi. "Mwanangu, mimi sijui kusoma."

Dakika alicheka, akidhani anataniwa. Mama huyu aliyeshika kitabu cha nyimbo miaka yote? Aliyemkagulia madaftari ya shule?

"Nyimbo nilizishika kwa kusikia. Kwenye madaftari nilitazama alama nyekundu tu. Neno la Mungu nililipata pale, likisomwa. Siku hizi mnatazama ukuta, kimya, nami nakaa kama mgeni ambaye hakualikwa. Na usimwambie mtu, nitakufa kwa aibu."

Moyo ulimuuma Dakika. Yeye anayekula kwa herufi ndiye aliyemfungia mama yake mlango. Amrudishe vipi bila kumwanika mbele za watu?

Siku tatu mfululizo, saa ya chai kazini, alipekua Maandiko huku wenzake wakimuuliza kama anataka uchungaji. Kisha akaenda kwa mchungaji.

"Nilikosea," akasema. "Paulo alimwagiza Timotheo akazanie kuwasomea watu. Barua zenyewe zilikuwa zinasomwa kanisani, watu wote wasikie. Mimi nimekwenda kukata hapohapo."

"Na mimi nilikupigia makofi," mchungaji akajibu. "Ezra alisoma tangu alfajiri mpaka adhuhuri, watu wamesimama wima, na sisi tunalilia dakika sita. Jumapili utasoma wewe."

Dakika akampigia mama simu kumweleza.  Mama aliuliza tu ibada inaanza saa ngapi, kana kwamba hajui.

Jumapili mama alikuwa benchi la pili. Somo lilikuwa kisa cha kijana aliyetapanya urithi wake, na ratiba ilikuwa imekigawa: nusu leo, nusu wiki ijayo. Dakika alianza kwa sauti ya kutetemeka, ikamkaa sawa polepole. Aliona watu kadhaa wamefumba macho, midomo yao ikicheza. Alipofika pale kijana anapoondoka kumrudia baba yake, akafunga Biblia.

"Mwanangu," mama akasema, wala hakunong'ona, "usimwache njiani. Mfikishe nyumbani."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji akamwashiria aendelee. Dakika akafuta macho, akaifungua tena, akasoma mpaka baba alipotoka mbio kumlaki mwanawe.