Mtoto Anaendelea

Mtaalamu alikuja kwa ndege kutoka Dar, na tai yenye picha za samaki na boksi zima la kalamu za rangi. Tangu enzi ya ruksa ianze na biashara kufunguliwa milango, kila kitu kiliingia Mwanza: mitumba, televisheni, viwanda vya minofu ya sangara, na semina. Glovu hospitalini hakuna, mjamzito alikuja na zake kutoka dukani, lakini semina haikukosekana. Ya leo iliitwa "Kumhudumia Mhudumu". Ilikuwa ya wauguzi wa wodi ya watoto wachanga, wanaozika malaika kila wiki, wafundishwe namna ya kuubeba uchungu wao.

Wauguzi hao walienea benchi moja. Ukumbi ulijaa. Dereva wa ambulansi alikuwepo, mtunza stoo alikuwepo, na karani wa masijala, ambaye hajawahi kushika mtoto mchanga asiye wake, alikaa mbele karibu na sambusa. Penye posho hapakosi wafiwa.

Sista Paskazia alikaa nyuma, mikono kifuani. Alikuwa muuguzi wa siku nyingi, Mhaya wa macho makali, na wodi ile ilikuwa imemfundisha kudharau karibu kila kitu chenye hotuba.

"Fumbeni macho," alisema mtaalamu, Bwana Jovinary. "Iangalieni huzuni yenu. Haya, ichoreni."

Dereva alichora kiboko. Metroni Sabina, mkuu wa wodi, alichora msalaba kwa rula. Paskazia alichora sinki.

"Ahaa!" Jovinary aliinyanyua karatasi yake wote waione. "Maji! Machozi yanayotiririka! Dada yetu ameshaanza kupona."

Wakampigia makofi. Paskazia alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia kanisani. Lilikuwa sinki, basi. Sinki la wodini, wanamomwaga maziwa ya Suzana.

Suzana alikuwa binti wa Kiseke, mke wa Mihayo anayepakua samaki soko la Mwaloni. Alijifungua mtoto wa kiume ambaye moyo wake uliumbika vibaya, na daktari akasema hautibiki, si Mwanza, si Dar. Mtoto akahamishiwa kitanda cha ukutani. Huo ndio uliokuwa utaratibu: asiyetazamiwa kupona analazwa ukutani, anafunikwa vizuri, anapewa dawa ya maumivu ikiwepo, na mama yake havuki mlango, asije akamzoea. Kumzoea! Kana kwamba miezi tisa ilikuwa ya kusalimiana tu. Mama anaambiwa, "Mtoto anaendelea." Anaendelea kwenda wapi, hasemi mtu.

Na kwa kuwa mtoto anaendelea, mama anakamua. Asubuhi, mchana na jioni Suzana alileta kikombe cha plastiki kilichofunikwa kitambaa safi. Muuguzi alipokea, akasema, "Ahsante mama, anakunywa vizuri," akageuka, akamwaga. Mtoto hakuweza kumeza hata tone. Metroni Sabina aliuita utaratibu huo huruma. Paskazia aliuita uoga, lakini kimoyomoyo, maana na yeye alimwaga, na kila alipomwaga alijichukia.

Semina iliisha kwa picha ya pamoja. Paskazia aliporudi wodini alimkuta mtoto amebadilika: midomo imekuwa ya bluu, pumzi inakuja kwa kusitasita. Asingelifikia jua la kesho. Na mlangoni Suzana alikuwa amesimama na kikombe chake.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba." Paskazia akakipokea. Alifungua kinywa aseme lile la kila siku, kwamba anakunywa vizuri. Alishikwa na hasira, ya Jovinary na kalamu zake, ya Sabina na rula yake, na kuliko zote ya Paskazia mwenyewe. "Mdogo wangu," akasema, "mtoto hanywi. Hajawahi kunywa. Tunayamwaga."

Alingoja kilio. Suzana alitazama chini tu.

"Najua, sista. Wenzangu wa wodi ya wazazi waliniambia mapema. Ukisikia anaendelea, ujue."

"Sasa ulikuwa unaleta ya nini?"

"Ningefanyaje? Mkinijibu hamniangalii usoni. Mnatia huruma. Nikaona nisipoleta, mtakosa cha kuniambia."

Watu wazima, wamesoma, wamekula sambusa za kufundishwa huzuni, kumbe wanabebwa na binti ambaye hata nyuzi za uzazi hazijatolewa. Paskazia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akaufungua mlango wote.

"Paskazia!" Sabina alikuja mbio. "Nani amekuruhusu? Atamzoea!"

"Ameshamzoea, metroni. Tupishe."

Akamtoa mtoto ukutani, akamweka mikononi mwa mama yake. Suzana alifungua khanga akamlaza kifuani, na hapohapo akamwita Nkwabi, jina la babu yake, ambalo nyumbani wangemwambia asilipoteze kwa huyu, amtunzie atakayeishi. Nkwabi alipumua juu ya kifua kile kwa muda, bila kuhangaika. Kisha akaacha.

Suzana aliendelea kumpapasa mgongo, machozi yakimshuka.

"Sista," akasema, "wewe umekaa naye kuliko mimi. Alikuwaje?"

Paskazia akatafuta. Alikijua kipimo cha dawa yake, aliyajua mapigo ya moyo wake, na siku zote alizomhudumia alikuwa amesema juu yake maneno mawili tu, ya uongo.

"Alikuwa mbishi," akasema hatimaye. "Ukimpa kidole hakiachii. Mpaka umbandue. Mimi nilikuwa nambandua, Suzana, nina kazi nyingine, nilikuwa nambandua kila siku..."

Hakumaliza. Kilio kilimtoka kwa sauti, katikati ya wodi, mchana kweupe, yeye aliyewacheka wote waliowahi kulia.

"Muuguzi halii wodini," alisema Metroni Sabina, lakini sauti yenyewe ilikuwa imeshapasuka, na hakuna aliyegeuka kumtazama.