Mkeka wa Mtoto wa Kaka

Nilifika msibani nimevaa koti jeusi, na mahubiri ya kurasa tisa mfukoni. Shangazi Lupe, dada yake marehemu baba, alikuwa amelazwa sebuleni akisubiri kuzikwa, nami nilikuwa nimeshamwomba mchungaji nihubiri makaburini; alisema kuna mhubiri anayekuja kwa boti, ila nisikae mbali. Wageni wengine walikuwa wamekuja kutoka Auckland, New Zealand. Nisiseme uongo: nilitaka wanione.

Mama Salote, mwanamke aliyeusimamia msiba, alinitazama kuanzia viatu hadi kola, kisha akanitupia mkeka mkuukuu uliotobokatoboka.

"Feleti, umepotea njia? Leo wewe ni mtoto wa kaka. Jikoni!"

"Lakini mama, mimi ni mhubiri."

"Shangazi yako amekufa, wewe unanitajia cheo? Jikoni, nimesema!"

Kwetu visiwani Tonga hilo halina rufaa. Shangazi akifa, watoto wa kaka yake ndio wa chini kabisa msibani: hujifunga mikeka mibovu hadi kifuani, hupika nyuma ya nyumba, na sebuleni hawakanyagi. Nilifunga kamba kiunoni huku nimenuna.

Huko nyuma, kwenye tanuri lililochimbwa ardhini, nikamkuta mdogo wangu Maka akipanga mawe ya moto. Tulikuwa na miaka sita bila kusemezana. Mimi, mzee wa kanisa, ndiye niliyesimama Jumapili moja nikasoma jina lake mbele ya watu wote: amefutwa ushirika kwa ulevi. Pombe aliiacha mwaka uliofuata. Kanisani hakurudi, na mimi sikumfuata. Nilijiambia kwamba yeye ndiye anayepaswa kuja kwangu.

"Mtume Paulo huyo!" binamu yetu Sioeli akapaza sauti. "Atamhubiria nguruwe aokoke kabla hajaiva!"

Wakaangua kicheko. Maka hakucheka. Alinisogezea kisu na rundo la magimbi, nikaanza kumenya. Moshi ulinitoa machozi karibu saa nzima.

Mara Mama Salote akaja mbiombio.

"Feleti! Boti ya mhubiri haijafika kutoka kisiwa cha Vava'u. Mchungaji anakuita wewe. Nimekuruhusu, vua huo mkeka, nawa uso, twende!"

Moyo uliruka kwa furaha. Nilishaanza kuifungua kamba. Maka akalivuta rundo langu la magimbi upande wake akaendelea kumenya, na hapo nikashikwa na aibu ambayo sijawahi kuiona. Mfukoni nilikuwa na kurasa tisa za Yesu aliyejifunga taulo akawaosha watu miguu, na mdogo wangu wa tumbo moja nimeshindwa hata kumsalimu. Mhubiri wa nani, basi?

"Mwambie mchungaji asome Zaburi," nikasema. "Mimi ni mtoto wa kaka. Niko kazini."

Mama Salote alinikodolea macho, akaondoka. Nikamgeukia Maka.

"Nisamehe. Jina lako nililisoma kwa raha. Nilijiona msafi."

Kisu chake kikasimama.

"Mimi nilishazoea," akasema. "Ila mwanangu Mele alikuwa amekaa ubavuni kwangu siku ile. Mtoto wa miaka minane. Njia nzima ananiuliza, 'Baba, uliiba nini?' Kamwombe yeye."

Mele, sasa ana kumi na minne, alikuwa ng'ambo ya tanuri akifunga nyama kwenye majani ya magimbi. Kumwomba radhi mchungaji ningeweza. Mtoto, mbele ya binamu zangu wote, niliogopa. Nikaenda hivyo hivyo, nikapiga magoti kwenye majivu kando ya tanuri.

"Wewe ndiye yule mhubiri," Mele akasema.

"Mimi ni baba yako mkubwa. Nilimwaibisha baba yako, na hakuiba kitu. Nisamehe, mwanangu."

Alinitazama, mikono imejaa tui la nazi.

"Baba mkubwa," akasema, "mkeka wako unaungua."

Kweli, ulikuwa unaungua. Maka alifika wa kwanza na ndoo ya maji, akanimwagia yote, kuanzia kichwani, akacheka hadi akakaa chini.