Chombo Kisicho cha Barabarani

Pikipiki alinipa kaka yangu. Alikuwa akishindana nayo kwenye matope mpaka mgongo ukamgomea, akaniletea na kusema, "Ichukue dadangu, kwangu inaota kutu tu." Asante, kaka. Hakuniambia kwamba haijawahi kusajiliwa, na kwamba kuisajili kungenizeesha.

Kiwandani walikuwa wameshanipunguza, na watoto hawali maelezo. Muuguzi mkuu wa zahanati alikuwa na kazi ya kupeleka sampuli za damu hospitali kubwa, kwa njia mbovu ambayo pikipiki za kawaida zinalala makorongoni. "Nitakupa wewe," alisema, "ila Ijumaa uje na namba. Bila namba nampa mwingine, na tusilaumiane."

Fundi wetu, tunayemwita Spana, akaifungia taa, vioo, honi na indiketa. Nikaipeleka kwa mkaguzi. Akaizunguka, akapiga honi, akapiga tena, nadhani kwa raha zake tu, kisha akasema tairi ni za porini, nibadilishe. Nikabadilisha. Kurudi, naambiwa ametoka kunywa chai. Chai gani hiyo ya asubuhi nzima, sijui. Labda alianza kwa kuchuma majani. Alipotokea akagonga muhuri bila hata kuiangalia.

Kumbe huo ulikuwa mwanzo. Dirisha la usajili walinipiga danadana: nenda kule, rudi hapa, leta nakala, hii haisomeki, leta nyingine. Karani, kijana mpole kwa namna ya kukera, akaniambia, "Mvumilivu hula mbivu, mama." Nikamjibu kwamba zangu zimeshaoza.

Ijumaa mchana akanipa kibao cha namba na kadi. Nikaisoma kadi. Aina ya chombo: trekta.

"Hii nini, mwanangu?"

"Karatasi za kiwanda kilichoitengeneza zinasema ni chombo kisicho cha barabarani," alisema. "Kwenye kompyuta, kisicho cha barabarani ni trekta."

"Chungulia nje uione. Ina magurudumu mawili."

"Naiona, mama. Kompyuta ndiyo haioni."

Jamani, nilitamani kukipiga kichwa kile kioo cha dirisha lake. Kurekebisha, akasema, lazima nirudishe namba nianze upya, kama mwezi hivi. Akanyoosha mkono akipokee kibao.

Nikakikumbatia kifuani. Mwezi mzima wanangu wale nini, huruma? "Sirudishi," nikamwambia. "Andika maombi ya marekebisho, nitasaini, lakini hiki natoka nacho." Watu wa foleni wakaanza kucheka. Mimi machozi yakanitoka, ya hasira, mbele ya kadamnasi, na sikuyafuta. Karani akaurudisha mkono wake taratibu, akaanza kuandika.

Zahanati nilimkuta muuguzi mkuu akifunga madirisha. Nikamwekea kadi mezani. Akaisoma. Akapangusa miwani, akaisoma tena. Akatoka nje, akasimama mbele ya pikipiki, na mimi nikaanza kupanga nitawaambia nini watoto.

Kisha akaingia ndani, akarudi na kisanduku chenye barafu, akakifunga mwenyewe kwa mpira nyuma ya kiti.

"Damu hizi zinasubiriwa," alisema. "Usiende mwendo wa trekta."