Stoo Namba Saba

Kufikia saa nne asubuhi mchoraji ramani alikuwa ameshainua kuta za ghorofa tatu. Kazi yenyewe haina uchawi. Faili la ramani ya zamani ni mistari mitupu, na mstari haujijui. Yeye ndiye anayeubofya na kuuambia: wewe ni ukuta, wewe mlango, wewe dirisha. Ukishaambiwa unasimama, unapata unene na urefu, na unaweza kuusogeza au kuufuta. Majengo yote ya wapangaji wa halmashauri yalitakiwa kuingia kwenye kompyuta namna hiyo kabla ya kubomolewa, na orodha ya watakaopewa nyumba mpya ingetoka humo humo.

Jengo la leo, yeye mwenyewe alizaliwa humo.

Alipofika chini kabisa, aliacha kubofya. Ramani ilionyesha stoo nane zisizo na dirisha hata moja. Lakini halmashauri yenyewe ilizipangisha stoo hizo miaka thelathini iliyopita, na namba saba, yenye dirisha lililotobolewa kwa kibali chenye mhuri, anaishi mama yake. Akafuta neno "Stoo", akaandika "Chumba cha kulala", akaweka dirisha. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa vile saba vingine, maana si haki kumtazama mama yako tu.

Msimamizi alipita na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma ya kiti.

"Dada, haya madirisha umeyatoa wapi?"

"Yapo, bosi. Mama yangu yuko namba saba mpaka leo."

"Kwenye ramani yapo?"

"Kwenye ramani hayapo. Kwenye ukuta yapo. Twende ukaone, si mbali."

Msimamizi akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. "Sisi tunaingiza ramani kwenye kompyuta, hatuhesabu watu. Stoo ni stoo, na stoo haipewi nyumba. Rudisha kama ilivyochorwa. Ukishindwa sema mapema, wenye vyeti wamejaa pale mapokezi."

"Na mama je?"

"Aandike barua."

"Ameandika tatu."

"Basi aandike ya nne."

Mkataba wa kazi wa mchoraji ulikuwa umebakiza siku tisa, na ndio uliokuwa unawalisha wanawe wawili na mama huyo huyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Leo kazi ya kunyonga kapewa mnyonge mwenyewe.

Akalibofya dirisha la mama, akalifuta. Programu haikuuliza kitu. Ukuta ulijiziba wenyewe, ukawa laini kama hapajawahi kuwa na tundu. Akaandika "Stoo" mara nane. Alijichukia, akalia kimyakimya, akijifanya anapenga kamasi.

Saa saba mama alipiga simu.

"Mwanangu, eti mnachora jengo letu?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu mkubwa! Nimewaambia wenzangu watulie, binti yangu yumo humo humo, hawezi kutusahau. Sasa nikuulize, huko kwenye nyumba mpya watanipa ghorofa ya ngapi? Magoti yangu unayajua, ngazi siziwezi."

Msimamizi alikuwa anamtazama kutoka mezani kwake.

"Ya chini, mama," alisema, akahifadhi faili.