Foleni ya Sebuleni

Mgeni wa kwanza alibisha hodi saa ya kuanua nguo, Mama Chiriku akiwa ameinamia cherehani, anatia kola kwenye shati la sare. Alimkaribisha bila kuinuka, maana sindano ilikuwa kwenye kona, na mshonaji yeyote anajua kona haiachwi njiani. Mgeni alikuwa mzee. Akavua viatu, akapita, akaketi kwenye kiti kilichokuwa mbele ya kompyuta. Mikono ilimtetemeka mpaka funguo alizoshika zikawa zinalia. Alipokwisha kukaa, zikanyamaza.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Nimeambiwa kazi yangu iko hapa."

"Karibu, baba. Nimalizie kola hii nikuletee maji."

Kompyuta ilikuwa wazi ubavu mmoja, na feni ya mezani imeelekezwa tumboni mwake. Kwenye kioo palionekana umbo lililojikunja kama uzi uliotatizika, na chini yake mstari wa kijani uliosogea polepole kama mtu anayetumwa asikotaka. Mzee akautazama. Alikula nao chakula cha jioni, akalala palepale kitini, akaamka nao. Mstari ulipofika mwisho, mchana wa siku ya tatu, mikono ikaanza tena kutetemeka. Akaokota funguo zake, akashukuru, akavaa viatu, akaenda zake.

"Kumbe wagonjwa wenyewe huja," Mama Chiriku alimwambia mumewe.

"Ndiyo kazi inavyofanyika, labda," akasema mumewe, na wakaendelea na chai.

Baba Chiriku alikuwa fundi wa kompyuta. Ile ya sebuleni aliiunda kwa mabaki ya nyingine zilizokufia kibandani kwake. Alikuwa amesoma kwamba kuna watafiti wa mbali wanaotafuta dawa za maradhi, na kwamba hesabu zao ni nyingi kuliko mashine walizo nazo, kwa hiyo wanaomba watu wawaazime kompyuta zao za nyumbani wakati hazina shughuli. Kila nyumba hupewa kipande cha hesabu, hukifanya, hukirudisha, hupewa kingine. Ni kazi ya kujitolea. Baba Chiriku alijiunga kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa imeketi mkekani, inachagua vitambaa vyekundu kwenye fungu la mabaki, huku inaongea.

Waliombatiza Chiriku walikuwa majirani, kwa ajili ya mdomo wake. Alikuwa mtoto wa darasa la pili. Ugonjwa wake ulianzia kwenye nyayo. Akaacha kuruka kamba, kisha akaacha ngazi, kisha akaacha kusimama. Daktari alisema ni ugonjwa unaopanda, na kwamba ukifika kifuani hauna pengine pa kwenda. Jina la ugonjwa alilitamka vizuri. Dawa hakuwa nayo, wala hakumjua mwenye nayo.

"Na ugonjwa wa mtoto umo humo kwenye hesabu zao?" Mama Chiriku aliwahi kuuliza.

"Yote yamo, mke wangu. Wale ni watu wakubwa. Ni suala la zamu tu."

Hakuwa amewauliza wenyewe. Lilikuwa kosa la kifundi: fundi akiona kitu kinajikokota, mawazo yake yote huenda kwenye kasi. Kipande kimoja siku mbili, na mtoto magoti yameshalegea. Alitazama ule mstari wa kijani kama mtu anayetazama basi limekwama matopeni na mgonjwa yumo ndani.

"Programu yao ni nguo ya dukani," akamweleza mkewe. "Imeshonwa imtoshe kila mtu, basi inampwaya kila mtu. Hii mashine yetu ni kuukuu, lakini ina misuli ambayo programu haiigusi kabisa."

"Basi ipime. Ipunguze kiuno."

Akaipima. Kila akirudi kutoka kibandani alikaa nayo, akitoa mahali ilipozoea kungoja bila sababu, akizipanga hesabu zipite nne kwa mpigo badala ya mojamoja. Mkewe alihamishia cherehani dirishani ili ashone kwa mwanga wa jua, taa isiinyang'anye mashine umeme. Majibu yalilinganishwa na yale ya programu ya zamani, yakalingana mpaka tarakimu ya mwisho. Kipande cha siku mbili sasa kilikwisha kabla sufuria ya maharage haijaiva.

Ndipo wageni walipoanza kupanga foleni. Wenye nyumba wakaazima benchi, halafu benchi la pili. Mmoja akikaa kitini, wengine husubiri ukutani, na yule akiondoka wote husogea nafasi moja. Alikuja bwana ambaye macho yake yalikuwa yanazimika. Kitini aliona vizuri, akamtungia Mama Chiriku uzi kwenye sindano tano kwa furaha tu. Alikuja mama wa makamo aliyekuwa amesahau wanawe. Alipoketi akawataja wote, mmoja baada ya mwingine, na kabla mstari haujaisha akawataja tena, haraka haraka, kama anayefunga mizigo.

Jirani muuza mitumba alichungulia mlangoni.

"Shoga, umefungua zahanati hutuambii?"

"Zahanati gani, hata kidonge cha kichwa sina."

"Basi ni posa. Viatu vyote hivi, na binti mwenyewe hata meno ya mbele hana."

"Yameanza kuota," Chiriku akasema kutoka mkekani. "Na sitaki kuolewa, nataka zamu."

Aliifahamu foleni ile kuliko mtu yeyote. Alimuuliza kila mgeni anaumwa nini, inauma kama nini, na kwao kuna watoto wangapi. Mama yake alingoja kiti kiwe kitupu, katikati ya anayeondoka na anayeingia, akamnyanyua, akamkalisha. Baba, mama na mtoto wakatazama miguu. Mstari wa kijani ukaanza kusogea. Vidole vya miguu vikabaki vilevile. Hodi ikabishwa, na mwanamume mmoja mnene, mwenye aibu, akasimama kizingitini.

"Samahani. Nadhani hapo ni kwangu."

Walijaribu mara nyingi, na kila mara aliyetakiwa alitokea. Baba Chiriku akaona kwamba kasi bado haitoshi. Ugonjwa ulipofika kiunoni, alikuwa ameshaibana programu mara mbili nyingine. Wageni wakawa wanapishana mlangoni. Mama Chiriku akashindwa kujua nani amekunywa maji na nani bado.

Aliyewaambia ukweli ni mama mmoja kijana aliyekuja na mtoto mchanga. Mtoto yule alikuwa akikohoa mpaka anabadilika rangi. Alipopakatwa kitini, kikohozi kikakatika, akalala. Yule mama akamtazama Chiriku kwa muda, kisha akamgeukia Mama Chiriku.

"Dada, nisamehe. Huyu wenu hayumo kwenye foleni."

"Zamu yake bado."

"Hana zamu. Foleni hii mtu huingizwa kutoka kule watafiti wanakochagua. Sisi wa kifua tuko wengi, tulipiga kelele miaka na miaka, na wakubwa wao pia wanaugua kifua. Wa ugonjwa huu wa miguu sijamkuta hata nyumba moja, na nimeketi kwenye nyumba nyingi."

Mama Chiriku alikata uzi kwa meno.

Papo hapo Baba Chiriku akawaandikia wenye mradi. Walijibu upesi na kwa adabu. Walisikitika sana kuhusu mtoto. Ugonjwa wake una watu wachache mno, na walio nao wako mahali ambapo hakuna aliyeomba utafitiwe, kwa hiyo haumo, wala haukutarajiwa kuwamo. Ila wameona jinsi nyumba yake inavyorudisha kazi kwa kasi ya ajabu. Je, angewaruhusu kuisambaza programu yake kwa wote?

Akamsomea mkewe kwa sauti. Kisha akasema, "Nimeikimbiza foleni ya watu wengine."

Mama Chiriku akainuka, akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye swichi. Yule mama kijana alikuwa bado kitini. Hakuomba kitu. Alimkumbatia mwanawe zaidi kidogo, basi, akafumba macho kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

"Mama," Chiriku akanong'ona, maana sauti kubwa ilishaanza kumchosha. "Usizime. Mtoto ndiyo kwanza amelala."

Kidole kikakaa pale kwa muda. Kisha akakiondoa, akaenda kumfunika mtoto wa watu kwa kipande cha kitambaa chekundu.

Programu wakawapa watafiti. Inasemekana sasa iko kwenye nyumba zisizohesabika, na kila mahali foleni inakwenda mbio.

Chiriku alifariki asubuhi, mama yake akimlisha uji. Alikuwa katikati ya habari za bwana wa sindano tano, na hakuzimaliza. Ndugu wakaja, wakajaza sebule. Wageni wa kompyuta walitoka wote, wakasimama uani kimya, kila mmoja na ugonjwa wake, mpaka msiba ulipokwisha. Hakuna aliyedai nafasi yake.

Alirudi siku sare mpya zilipokuwa zinapigwa pasi. Mama alisikia hodi ya chini, karibu na sakafu. Akafungua. Chiriku alikuwa ameketi kizingitini, miguu imelala upande, kama siku zote.

"Umekuja, mwanangu."

"Nimekuja kungoja," akasema Chiriku.

Mama akamnyanyua. Yule wa mwisho kwenye benchi akajibana, nafasi ikapatikana.

Yuko pale mpaka sasa. Anawauliza wageni maswali, nao humjibu. Mmoja akiondoka wote husogea, naye mama yake humsogeza, nafasi moja, nafasi moja, hadi anakuwa wa kwanza, kiti kiko wazi mbele yake, joto la mashine linamfikia magotini. Kompyuta huomba kazi nyingine, hupewa. Mlango hugongwa. Anayeingia husema samahani, hukaa.

Hapo Chiriku huinua mikono bila kuambiwa. Mama yake huacha cherehani, hata sindano ikiwa kwenye kona, humbeba na kumrudisha mwisho wa benchi. Siku nyingine, njiani, humpitisha dirishani kidogo, aone nje.